Tamko la Mapokezi

Ipo nchi moja, jina lake siliandiki, maana kuliandika kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa Jumanne yenye mvua, na kule mvua ni haba. Ni nchi nzuri. Nasema hivyo bila kushurutishwa na mtu. Barabara zake hufagiliwa kabla hazijachafuka, na mkuu wa nchi haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Mwenyeji Mkuu, kwa sababu siku aliyoshika madaraka alitangaza kwamba yeye hatawali, yeye anakaribisha tu. Huu ni mwaka wa thelathini na moja anawakaribisha wananchi wake.

Mimi kwetu Mtama, Lindi. Kule nilikuwa mkalimani wa serikali kwenye uwanja wa ndege. Anayeingia akisema Kiswahili, mimi nakigeuza kwa lugha yao, neno kwa neno, karani anaandika. Neno kwa neno, nasisitiza. Siku ya kuajiriwa nilikula kiapo kwamba sitaongeza, sitapunguza, wala sitaeleza. Haya, mkitaka kunilaumu huko mbele, nilaumuni, lakini kiapo nilikula.

*

Kule mgeni aliyeajiriwa hapumziki ovyo. Kuna Wizara ya Mapumziko na Ukarimu, jengo la ghorofa kumi na moja, na ghorofa tisa kati ya hizo ni za mapumziko ya wafanyakazi wa Wizara. Kila Jumatatu unajaza Fomu ya Starehe, unaeleza Jumamosi kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili utafurahia nini, kwa kiasi gani, na ukishamaliza kufurahi utakuwa wapi. Starehe zilizoruhusiwa ni tatu: kuzunguka bwawa, kuutazama Mnara wa Makaribisho, na kukaa kwenye benchi. Mkaguzi wa Furaha hupita na rula ndogo ya kupimia tabasamu. Likiwa chini ya sentimita sita unaandikiwa barua.

Hapo kwenye mabenchi ndipo nilipojuana na Hemedi Shekue na mkewe Tunu, watu wa Muheza. Hemedi alikuwa fundi wa majokofu ya hospitali, Tunu alifundisha hesabu. Benchi lao lilikuwa namba kumi na mbili, langu kumi na tatu, na kwa kuwa wageni hawaruhusiwi kuchangia benchi, tulizungumza sote tumetazama mbele kama wanaosubiri kupigwa picha. Mwaka wao wa kwanza walikuja na bao. Walicheza vizuri tu mpaka Hemedi alipomla mkewe kete nyingi kwa mpigo, akacheka saa kumi na mbili na dakika tatu, nje ya muda. Bao likachukuliwa. Liko makumbusho mpaka leo, chini yake pameandikwa "Silaha ya asili, matumizi hayajulikani."

Waliishi hivyo miaka mitano. Mshahara mzuri, nyumba nzuri, maji hayakatiki. Lakini siku moja Tunu aliniambia, macho yake bwawani, kwamba anachokitamani duniani ni mgeni. Mgeni tu. Mtu wa kubisha hodi bila miadi, akaingia, akala, akaacha vyombo vichafu, akalalamika kwamba chai haina tangawizi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na Mkaguzi ndiyo anakuja, ikabidi dada wa watu atabasamu palepale sentimita saba.

Wakaomba kibali cha kumleta Bi Siwatu, mama mzazi wa Tunu. Kilichukua miaka mitatu, kwa kuwa Wizara ilitaka kwanza uthibitisho kwamba mama huyo yupo, kisha uthibitisho kwamba kabla ya kuzaliwa hakuwepo. Hatimaye wakapewa siku kumi na nne, isizidi hata moja.

Na Bi Siwatu hakuwa na nia ya kuzidisha. Muheza alikuwa amemwacha binti yake mdogo, Mwanjaa, ana mimba ya miezi saba na ushee. Tatu za nyuma zilikuwa zimeharibika. Hii ya nne ndiyo iliyokaa, na Mwanjaa alimwapisha mama yake kwamba atarudi mapema, maana hataki kujifungua wala kukaa arobaini kwa mikono ya mtu mwingine. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwa yule mama kila dakika aliyokuwa kule. Alikuja kumwona mwana mmoja, akimwazia wa pili.

*

Sasa niwaeleze sheria. Kila anayempokea mgeni uwanjani hutakiwa kusema maneno ya kumpokea mbele ya karani. Yanaitwa Tamko la Mapokezi, yanaandikwa, yanagongwa muhuri, na yanakuwa na nguvu ya hati. Wenyeji wanalijua hilo tangu utotoni. Baba akimpokea mwanawe aliyekaa ng'ambo miaka kumi, humwambia, "Tumekuona," basi, wanaondoka.

Hemedi naye alijua. Wiki nzima alikuwa anajifundisha "tumekuona" mbele ya kioo, na asubuhi ile alinisomea mara nne, akapata zote. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka Bi Siwatu. Mwanamke mdogo wa umbo, kanga begani, miguu imevimba kwa ndege tatu, na kapu la machungwa ambayo walinzi walikuwa wameyahoji dakika arobaini. Mnajua tena mkwe. Mtu akimwona mama mkwe baada ya miaka minane, adabu yote aliyofundwa na shangazi zake humpanda kooni kwa mara moja. Hemedi aliinama mpaka kofia ikaanguka.

"Shikamoo mama. Karibu mama, karibu sana. Jisikie nyumbani. Hapa ni kwako."

Karani akaninyooshea kalamu. Nikaanza kutafsiri. Lugha yao ina maneno mengi mazuri, lakini haina njia ya kusema kwamba mtu anasema tu. Nilipofika kwenye "hapa ni kwako" karani akasita, akaniuliza kama mama huyu ndiye mwenye nyumba. Ningeeleza. Nikakumbuka kiapo, nikarudia kilichosemwa: kwake. Akagonga muhuri, na Hemedi, ambaye alikuwa hajang'amua kitu, akabeba kapu la machungwa akiwa na furaha ambayo hakuna rula ingeitosha.

*

Kesho yake waliitwa Idara ya Matamko, palepale uwanjani. Mkuu wa Idara ana jina gumu, lakini kwa Kiswahili maana yake ni Ndivyo, kwa hiyo nitamwita Afisa Ndivyo. Aliwapokea amesimama, medali saba kifuani, akasoma hotuba. Alisema Taifa limesikia na Taifa limeguswa. Alisema wageni wengi hupewa na nchi hii, lakini huyu mmoja ametoa. Kuanzia jana saa tano na robo asubuhi, nyumba pamoja na uenyeji wake vimehamia kwa Bi Siwatu. Bwana Hemedi na Bibi Tunu sasa ni wageni wake, nao kama wageni wote wana siku kumi na nne, zimebaki kumi na tatu, baada ya hapo wanatakiwa warudi makwao.

Bi Siwatu alicheka. Alidhani ni utani wa kizungu. Aliponiona mimi sicheki, akaniuliza polepole, "Mwanangu, na mimi narudi lini?"

Nikamgeuzia Afisa Ndivyo swali. Akashangaa kwa dhati. Mwenyeji, alisema, harudi popote, yuko kwake. Mwenyeji akisafiri, wageni watapokewa na nani? Yeye mwenyewe hajatoka nje ya nchi tangu azaliwe, na Mwenyeji Mkuu vilevile, isipokuwa kwa matibabu, mapumziko, harusi za watoto wake na kununua viatu.

Hapo ndipo Tunu alipokaa chini kwenye sakafu ya ofisi ya serikali. Alikuwa anahesabu kwa vidole, mwalimu wa hesabu, siku na wiki za mdogo wake, na kila alipofika mwisho alianza upya.

*

Walihangaika, msidhani walikaa tu. Siku ya tatu Hemedi alijaza Fomu ya Kuteleza kwa Ulimi. Masharti yake ni kwamba ulimi wenyewe ukaguliwe. Akapelekwa kwa Daktari wa Ndimi, akautoa, ukapimwa urefu, ukapigwa tochi, ukabonyezwa. Cheti kikatoka siku ya sita: ulimi ni mzima, hauna utelezi, kwa hiyo uliyasema yote kwa makusudi. Ama kweli mdomo huponza kichwa, na cha Hemedi kiliponzwa kwa heshima.

Siku ya saba wakarudi kwa Afisa Ndivyo na hoja niliyodhani haina jibu. Kama neno limetoa, neno na lirudishe. Bi Siwatu amwambie Hemedi "hapa ni kwako," mchezo uishe. Afisa akafungua kitabu, akatusomea kifungu, kwamba ukarimu haurudishwi kwa aliyeutoa, maana kurudisha zawadi ni kulitukana Taifa. Kisha, akiwa anafunga kitabu, akaongeza kama mtu anayetaja hali ya hewa kwamba mtu mwingine yeyote anaweza kupewa. Kwa mfano huyu binti.

Nilitafsiri. Bi Siwatu akaanza kupanga machungwa yake kwenye kapu, moja moja, ingawa hayakuwa yamevurugika.

Tunu alimwandama mama yake tangu siku ile. Jikoni, uani, mlangoni pa choo. Niambie mama, maneno matatu tu, wewe urudi kwa Mwanjaa, mimi nibaki, mimi nimeshazoea. Bi Siwatu akawa anajibu mengine. Anauliza kwa nini nchi hii haiuzi bamia. Anasema magodoro yao ni laini mno, yanaumiza mgongo. Jibu lenyewe hakulitoa, na Hemedi alikuwa anakaa nje ukumbini, mgeni kwenye nyumba aliyoipaka rangi kwa mikono yake, akijiuma huo ulimi wake mzima.

Na starehe? Starehe zilipangwa, bila shaka. Wizara haisahau. Kwa kuwa wageni lazima watembezwe na mwenyeji wao, Jumamosi ile Bi Siwatu alipewa kibendera cha kushika na kijitabu asichoweza kukisoma, akatakiwa awatembeze bintiye na mkwewe katika mji ambao wao wameuishi miaka minane na yeye siku tisa. Akawa anatangulia na kibendera, Hemedi nyuma yake ananong'ona: kushoto mama, kushoto, nami pembeni kwa kazi ya ukalimani. Walipofika kwenye Mnara wa Makaribisho, Mkaguzi akasogea kusikia mwenyeji anavyoeleza. Bi Siwatu akautazama ule mnara kutoka chini hadi juu.

"Hiki," alisema, "ni kitu kirefu. Sijui walikuwa wanamtafuta nani huko juu."

Nikatafsiri. Mkaguzi akampa alama tisini, akasema katika miaka yake yote ya kazi hajasikia maelezo yaliyokaribia ukweli namna ile, kisha akazifuta ishirini kwa sababu hiyohiyo.

*

Siku ya kumi na tatu mume wa Mwanjaa alimpigia Hemedi simu. Uchungu ulikuwa umeanza kabla ya wakati. Wako hospitali ya wilaya, wauguzi wamemlaza, wamesema asinyanyuke, na Mwanjaa hamtaki mtu kitandani pake. Anamtaka mama. Kila mtu mle ndani alisikia sauti yake kwa nyuma akimwita.

Asubuhi yake ikawa siku ya kumi na nne. Niliwakuta kwenye kaunta ya kuondokea, wote watatu, na Afisa Ndivyo na karani wake. Hemedi na Tunu wana mabegi. Bi Siwatu ana kibendera, maana mwenyeji anayesindikiza lazima awe nacho. Afisa akasoma taratibu. Wageni wanaondoka leo. Mwenyeji anabaki, na ataruhusiwa kutembelewa kila baada ya miaka mitatu, fomu zikikamilika.

Tunu akaweka begi chini, akashika bomba la chuma la ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Akasema haondoki. Mama atasema yale maneno hapa hapa, mbele ya karani, kisha mama atapanda ndege kwa tiketi yake Tunu, na leo usiku atakuwa kwa Mwanjaa. Kama hasemi, basi yeye Tunu atakaa hapo mpaka jua lizame.

Afisa Ndivyo akaangalia saa yake, akasoma kifungu kingine. Mgeni ambaye jua la siku ya kumi na nne litazama yumo nchini huhesabiwa kuwa fanicha ya Serikali. Atapewa namba, atawekwa panapohitajika. Nilitafsiri hata hilo. Hemedi akajaribu kumbandua mkewe vidole pale kwenye bomba, akashindwa, akafunika uso wake kwa kofia akalia waziwazi kwenye uwanja wa watu.

Ningeweza kusema "nipeni mimi." Mtu yeyote, kifungu kilisema, na mimi ni mtu. Lakini mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi minne, na kwetu nina mama pia. Hakuna aliyeniuliza, nami nilitazama mbele.

Bi Siwatu akanivuta mkono. Aliniuliza kama kuna njia ya kumwondoa mgeni asiyetaka kuondoka. Nikamuuliza Afisa, Afisa akafungua kitabu kwa furaha, maana kurasa zile hazikuwahi kufunguliwa, zilikuwa zimeshikana. Njia ipo. Mwenyeji anaweza kumfukuza mgeni wake kwa kinywa chake, na askari watamsaidia kumpandisha ndege. Ila mwenyeji aliyefukuza mgeni amelivunjia Taifa heshima, naye hatapokea mgeni tena maisha yake yote. Hatabishiwa hodi na mtu.

Nilimtafsiria mara mbili, nikihofia hakuelewa. Alielewa mara ya kwanza. Alimsogelea bintiye, akamtengeneza mtandio uliokuwa umemwanguka, akaufunga vizuri chini ya kidevu kama anavyofungwa mtoto wa chuo cha Kurani.

"Tunu. Hapa si kwako. Toka nyumbani kwangu, nenda ukamwogeshe mtoto wa mdogo wako."

Karani akaninyooshea kalamu. Nikatafsiri neno kwa neno. Askari wawili wakamwachanisha Tunu na lile bomba, kidole kwa kidole, naye alikuwa anamwita mama yake kwa sauti ambayo siwezi kuwaandikia. Hemedi akafuata nyuma na mabegi yote. Bi Siwatu alisimama palepale na kibendera chake mpaka ndege ikaruka, na Afisa Ndivyo akaniambia pembeni kwamba amesikitika, kwa sababu kwenye ule Mnara mama huyu alikuwa ameanza vizuri sana.

*

Siku ya tatu baada ya wao kuondoka, Tunu alinipigia ofisini. Mwanjaa amejifungua. Mtoto wa kike, mdogo kama mkate wa mofa lakini analia, na mama yake hajambo. Nimwambie mama, kwa sababu mwenyeji mpya haruhusiwi simu ya nje hadi mwaka wa pili.

Ilitokea kwamba kesho yake Idara inatuma watu nyumbani kwake kuchukua viti. Mwenyeji asiyepokea wageni hana haja ya viti zaidi ya kimoja. Nikaomba niende nao, nikakubaliwa, nikapewa pamba. Mtumishi wa serikali akiingia nyumba ya mtu lazima azibe masikio, kwa sababu mtumishi aliye kazini hahesabiwi kuwa mgeni, na neno la mlangoni akilisikia linamshika kama tamko la uwanjani. Tulikuwa wanne: wabebaji wawili, karani, na mimi. Tukaziba, tukabonyeza kengele.

Alifungua mwenyewe. Nilimwambia palepale kizingitini, kwa sauti kubwa maana nami nilikuwa siisikii sauti yangu: Mwanjaa salama, mtoto salama, wa kike, anaitwa Siwatu. Mama yule akajifunika mdomo kwa pindo la kanga, mabega yakamtikisika muda mrefu. Wabebaji wakapita pembeni wakaanza kazi. Kisha akajipangusa, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanitazama usoni, akasema kitu.

Pamba ilikuwa nene. Lakini maneno ya kwetu mtu anayasoma midomoni. Karibu, mwanangu. Jisikie nyumbani. Hapa ni kwako.

Sijui mpaka leo alikuwa anafanya nini. Huenda alikuwa mama wa Muheza aliyeletewa habari njema mlangoni, asiyejua namna nyingine ya kumpokea mleta habari. Huenda alikuwa anajaribu kurudi kwao. Macho yake hayakunionyesha ni lipi, au yalinionyesha nikayakwepa. Nilitikisa kichwa kwa heshima, nikautoa mkono wangu polepole, nikaingia ndani nikabeba kiti.

Tulipofika getini tukatoa pamba. Karani alikuwa ameiona midomo ya mama ikitembea, akafungua daftari, akaniuliza amesema nini.

Nikamwambia anashukuru. Akaandika hivyo, akagonga muhuri, tukapakia viti.